Furaha ya Umma Ni Dhamana ya Umma

Asubuhi ya tarehe 28 Februari, 2025, katika mji wa Jackson, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mnara wa chuma wenye kimo cha mita 139 uliangushwa kwa baruti, na kwa muda wa sekunde chache ukawa umelala chini. Huo ulikuwa ni mnara wa Kingda Ka, rolakosta iliyofunguliwa mwaka 2005 na ambayo kwa karibu miaka 20 ilihesabiwa kuwa ndiyo yenye kimo kikubwa kuliko zote duniani. Treni yake ilirushwa kwa mwendo wa kilomita 206 kwa saa, ikapanda wima mpaka kileleni, ikateremka upande wa pili, na safari nzima ikawa imekwisha kabla dakika moja haijatimia.

Rolakosta, kwa wale wasiopata kuiona, ni treni ndogo isiyo na injini yake yenyewe, ipitayo juu ya reli zilizopandishwa na kuteremshwa kama vilima na mabonde. Abiria wake hawaendi popote. Hulipa kiingilio ili watishwe, kisha warudishwe salama pale pale walipopandia. Jambo hili huenda likaonekana kuwa la kitoto, lisilostahili kusumbua akili ya mtumishi wa serikali au mwalimu mwenye kazi nyingi. Lakini mamilioni ya watu huzipanda treni hizo kila mwaka, na penye mamilioni ya watu, maisha yao na watoto wao, pana jambo la umma.

Tangu habari za kuangushwa kwa Kingda Ka zilipoenea, wako waliolalamika, na malalamiko yao hayakuhusu chuma tu. Treni hiyo ilibeba abiria kwa mara ya mwisho tarehe 10 Novemba, 2024, na siku chache baadaye ndipo kampuni yenye bustani ikatangaza kwamba imefungwa moja kwa moja. Wapenzi wa treni hizo, ambao wengine husafiri kutoka nchi za mbali kwa ajili ya kuzipanda, hawakupewa hata nafasi ya kuiaga. Mwenye mali alikuwa ameamua, na kwa mujibu wa sheria ya huko hakuwa na wajibu wa kumwuliza mtu.

Mwaka huo huo wa 2025, tarehe 2 Novemba, kampuni hiyo hiyo ya Six Flags ilifunga bustani yake iliyokuwa katika wilaya ya Prince George's, jimbo la Maryland. Safari hii taarifa ilitolewa miezi kadhaa kabla, na watu wakapata kwenda kuaga. Miongoni mwa vilivyosimama siku hiyo ni rolakosta ya mbao iitwayo Wild One, iliyojengwa mwaka 1917 katika jimbo la Massachusetts, ikanunuliwa baada ya bustani yake ya kwanza kufungwa, ikasafirishwa na kujengwa upya Maryland mwaka 1986. Mbao zilizowabeba wazee waliokwisha kuzikwa ziliwabeba pia vitukuu vyao, kisha zikasimamishwa kwa sababu bustani haikuingia tena katika mipango ya faida ya kampuni.

Haifai kumlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara. Mashine kama hizo hugharimu fedha nyingi sana, huchakaa, na zinaweza kuwa mzigo. Swali linalofaa kuulizwa ni lile ambalo wengi hawaliulizi: kitu kinachopendwa na umma, kinachotumiwa na umma, na kinachoweza kuudhuru umma, kiachwe mikononi mwa mwenye kuuza tikiti peke yake? Historia ya treni hizo, tangu mwanzo wake hadi leo, inajibu kwamba haifai.

Rolakosta ya kwanza ya kibiashara nchini Marekani ilijengwa na LaMarcus Thompson huko Coney Island, ufukweni mwa jiji la New York, mwaka 1884. Mwendo wake haukuzidi ule wa mtu akimbiaye polepole, nayo nauli ilikuwa senti tano. Inasimuliwa kwamba Thompson alikuwa mtu wa dini, aliyetaka kuwapa watu burudani safi ili wasiende katika vilabu vya pombe na madanguro. Vibarua wa viwandani, wapagazi wa bandarini na wahamiaji waliotoka Ulaya na mabunda yao walimiminika huko siku ya Jumapili. Kwa senti tano, mtu aliyetumikishwa wiki nzima aliona bahari, akapigwa na upepo, akacheka.

Kufikia miaka ya 1920 rolakosta zilikuwa zaidi ya 1,000 katika Marekani. Kisha ukaja msukosuko mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929, na baada yake Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bustani zikafungwa, mbao zikaoza au zikageuzwa kuni, na kufikia miaka ya 1960 zilizokuwa zimesalia zilikuwa chache. Ni katika hali hiyo ndipo walipoanza kujitokeza watu ambao jirani zao waliwacheka: wapenzi wa rolakosta.

Watu hao si watoto. Wamo walimu, makarani, mafundi na wastaafu. Hupanga likizo zao kwa kufuata ramani ya bustani, huandika katika daftari kila treni waliyoipanda, na hujua jina la msanifu, mwaka wa ujenzi, kimo cha mteremko wa kwanza na aina ya mbao iliyotumika. Mwaka 1978 wapenzi wa Marekani waliunda chama chao, American Coaster Enthusiasts, na miongoni mwa madhumuni ya chama hicho ni kuzihifadhi treni za kale. Wanapozuru bustani kwa pamoja, mara nyingi wenye bustani huwafungulia mapema kabla ya wateja wengine, nao huitumia nafasi hiyo si kwa kupanda tu bali pia kwa kuuliza maswali kwa mafundi.

Kazi inayoweza kufanywa na watu wa namna hiyo ilidhihirika Coney Island kwenyewe. Mahali pale pale alipojenga Thompson, ilijengwa mwaka 1927 rolakosta ya mbao iitwayo Cyclone. Mapema katika miaka ya 1970 Cyclone ilikuwa mali ya jiji la New York, lakini ilikuwa mbovu, na ulikuwapo mpango wa kuivunja ili eneo lake litumiwe kuipanua nyumba ya samaki iliyokuwa jirani. Mpango huo haukutoka kwa bepari yeyote. Ulitoka katika ofisi za umma. Wananchi waliupinga kwa sauti kubwa, jiji likaukubali ukweli, na Cyclone ikakodishwa kwa mwendeshaji aliyeitengeneza na kuifungua tena mwaka 1975. Mwaka 1988 jiji likaitangaza rasmi kuwa kumbukumbu ya kuhifadhiwa.

Hapo pana fundisho ambalo mtumishi wa umma hana budi kulipokea hata kama linachoma. Kitu kuwa mali ya umma hakutoshi kukiokoa, iwapo walioaminiwa kukitunza hawajui thamani yake. Umilikaji wa umma ulizaa matunda mwaka 1975 kwa sababu umma wenyewe ulisema, na kwa sababu palikuwa na mahali pa kwenda kusemea. Wapenzi wa Kingda Ka walisema pia, tena kwa uchungu, lakini hapakuwa na mlango wa kubisha. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mwananchi na mteja.

Tofauti hiyo inaonekana kwa uwazi zaidi katika suala la nani aruhusiwe kuingia. Kwa miaka mingi bustani nyingi za Marekani ziliwafungia milango raia weusi. Katika jimbo la Maryland ilikuwapo bustani ya Glen Echo, yenye rolakosta yake na pembea maarufu ya farasi wa mbao. Tarehe 30 Juni, 1960, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliingia humo, baadhi yao wakapanda farasi wale wa mbao wakiwa na tikiti halali mikononi, wakakataa kushuka. Watano walikamatwa. Maandamano mbele ya lango yaliendelea kiangazi chote, na wazungu wa mtaa wa jirani wakajiunga na wanafunzi. Mwaka uliofuata, 1961, bustani ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikazitengua hukumu walizopewa vijana wale.

Mwenye Glen Echo alikuwa na hoja ile ile iliyozoeleka: bustani ni yake, na amwuzie tikiti amtakaye. Kwa sheria ya mali peke yake hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Kwa sheria ya utu haikuwa na lolote. Mtoto anayeona wenzake wakicheka ndani ya ua, naye akaambiwa kwamba rangi yake hairuhusiwi kucheka, amefundishwa somo baya kuliko lolote awezalo kufundishwa darasani. Leo Glen Echo ni mali ya taifa, chini ya idara ya hifadhi za taifa, na pembea yake ingali inazunguka.

Lakini liko jambo zito zaidi kuliko kuhifadhi mbao na kufungua milango, nalo ni uhai wa abiria. Rolakosta huuza hofu, na hofu hiyo ni lazima iwe ya uongo. Ikiwa ya kweli hata mara moja, hiyo si burudani tena. Kinachoifanya hofu iwe ya uongo ni kazi ya watu wasioonekana: fundi anayetembea juu ya reli alfajiri akigonga bolti moja moja, mwendeshaji anayekagua kila mkanda, na mkaguzi anayekuja bila kumpendelea mtu.

Walimu wa fizikia wanaijua kanuni yake. Treni ikipandishwa juu huwekewa nishati, na ikiachiliwa nishati ile hugeuka kuwa mwendo. Magurudumu yaliyowekwa chini ya reli, ambayo msanifu John Miller aliyapatia hataza mwaka 1919, huizuia treni isiruke. Reli yenyewe hugawanywa katika sehemu, na utaratibu hukataza treni isiingie katika sehemu moja kabla ya ile iliyotangulia kutoka. Kila kanuni kati ya hizo ilifunzwa na maumivu. Mwaka 1895 Coney Island ilijengwa rolakosta ya Flip Flap, iliyokuwa na kitanzi cha duara kamili, nayo iliwaumiza abiria shingo. Ilipita miaka mingi kabla ya wasanifu kutumia kitanzi chenye umbo kama la tone la maji, linaloupunguza mgandamizo huo.

Sasa itazamwe ajali ya tarehe 2 Juni, 2015 katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza. Katika rolakosta iitwayo The Smiler, treni tupu ya majaribio ilikwama njiani. Mtambo wa kompyuta ukafanya kazi yake: ukaizuia treni nyingine, iliyokuwa na abiria 16, isisogee. Mafundi hawakuiona ile iliyokwama, wakadhani kompyuta imekosea, wakalipuuza zuio na kuiachilia treni yenye watu. Zikagongana. Watu watano waliumia vibaya, na wasichana wawili kati yao walikatwa mguu kila mmoja. Ilichukua zaidi ya saa nne kuwateremsha wote.

Idara ya serikali ya usalama kazini ilipochunguza haikuona kasoro katika reli, wala katika magari, wala katika mtambo wa kuongozea. Kasoro ilikuwa katika uongozi. Mafundi hawakuwa wamewekewa utaratibu thabiti wa kufuata pale treni inapokwama, na hapakuwa na yeyote aliyeitafakari hatari hiyo kabla haijatokea. Kampuni ilikiri kosa mahakamani, na mwezi Septemba 2016 ikatozwa faini ya pauni milioni 5. Inastahili kuzingatiwa kwamba lawama haikutupwa kwa fundi wa chini aliyebonyeza kitufe. Ilipelekwa juu, kwa waliokuwa na wajibu wa kumwandalia fundi huyo kazi salama. Palikuwa na sheria, ile ya mwaka 1974, palikuwa na idara yenye meno, na palikuwa na hakimu.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikuwa tofauti. Nchini Marekani, mwaka 1981, Bunge la nchi hiyo liliiondolea mamlaka idara ya taifa ya usalama wa bidhaa juu ya mashine za burudani zilizojengwa mahali pamoja, na kuyaachia majimbo. Majimbo mengine yaliweka ukaguzi mkali, mengine yaliweka ukaguzi wa jina tu. Katika jimbo la Kansas ukaguzi wa kila mwaka uliachwa kwa wenye bustani wenyewe, na kazi ya jimbo ikawa ni kupitia makaratasi. Huko ndiko ilikofunguliwa mwaka 2014 telezo ya maji iitwayo Verrückt, yenye kimo cha mita 51, iliyotangazwa kuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Tarehe 7 Agosti, 2016, siku ambayo wabunge na familia zao walikuwa wamealikwa kuingia bure, mtoto wa miaka 10 alifariki juu ya telezo hiyo. Mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kutaka mkaguzi mwenye sifa. Wahenga walisema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mzaha wa Kansas haukuwa wa watoto waliokwenda kucheza. Ulikuwa ni wa watu wazima walioichukulia sheria kama mchezo.

Wako watakaosema kwamba ajali kama hizo ni chache mno zikilinganishwa na mamilioni ya safari zinazokwisha kwa kicheko, na kwamba mwenye bustani hapendi kuua wateja wake. Yote mawili ni kweli. Lakini uchache huo haukushuka kutoka mbinguni. Umetokana na ukaguzi, na anayetumia uchache wa ajali kuwa hoja ya kupunguza ukaguzi ni kama mtu anayevunja ukuta kwa sababu tangu ujengwe hajaona mwizi. Wako pia watakaosema kwamba wapenzi wa rolakosta, kwa ujuzi wao mwingi, wanatosha kuwa walinzi. Hao nao wanakosea. Mpenzi huvutwa na kimo na mwendo. Ni shauku hiyo inayowafanya wenye bustani washindane. Abu Dhabi mwaka 2010 ilifunguliwa Formula Rossa yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa, na Saudi Arabia ikaijenga Falcon's Flight, iliyosanifiwa kufikia kilomita 250. Mapenzi yanaweza kuokoa mbao za kale, lakini hayapimi bolti.

Kwa hiyo basi, furaha ya umma inahitaji mikono mitatu. Unahitajika mkono wa mwenye mtaji au mwendeshaji, ambaye hujenga na kuendesha. Unahitajika mkono wa wananchi waliojipanga, kama wanafunzi wa Howard na watetezi wa Cyclone, ambao hukumbusha kwamba pana watu nyuma ya tikiti. Na unahitajika mkono wa dola, wenye sheria inayoeleweka na mkaguzi asiyenunulika. Ukikosekana mmoja, miwili iliyobaki haitoshi.

Wala mambo haya hayawahusu watu wa ng'ambo tu. Pembea za sikukuu zinazowafurahisha watoto wa Unguja siku ya Idi zina bolti, zina minyororo, na zina fundi. Uwanja wa mpira una jukwaa, na jukwaa lina nguzo. Kivuko kina idadi ya abiria iliyoandikwa ubavuni. Kila mahali ambapo watu hukusanyika kwa raha au kwa safari, yuko mtumishi wa umma ambaye sahihi yake ndiyo inayosema kwamba pako salama. Sahihi ikitiwa bila kwenda kuangalia, ni sawa na kulipuuza zuio la kompyuta la Alton Towers. Na mwalimu anayempeleka mtoto kucheza ana haki, bali ana wajibu, wa kuuliza cheti cha ukaguzi kiko wapi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulihesabu kuwa ni maendeleo kila tendo linalompa mwananchi uwezo zaidi wa kuamua mambo yake mwenyewe. Kucheka ni miongoni mwa mambo yake. Mfanyakazi aliyemaliza wiki ana haki ya kufurahi, na mtoto ana haki ya kucheza bila kubaguliwa na bila kuhatarishwa. Haki hiyo haitunzwi na tangazo zuri langoni. Hutunzwa na mtu aliyeamka alfajiri, akapanda ngazi na nyundo mkononi, akagonga kila bolti, na alipokuta moja imelegea akawa na ujasiri, na sheria nyuma yake, wa kusema kwamba leo treni haiondoki.